Neno "hifadhi" lilivyotaka kulivunja baraza la hoteli ya Pwani, hapa Ifakara

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba, najua mlikuwa mbioni kuniamkia.

Mimi humu ni msomaji tu. Nakaa pembeni, nasoma, nacheka, nalala. Ila juzi kuna kijana alileta uzi wa hoteli za zamani kule pwani, zile zenye baraza la kutazama bahari, watu wakabishana mpaka wakatukanana: zitunzwe au zivunjwe zijengwe ghorofa. Nikasema leo na mimi nachangia.

Sisi huku Ifakara tulikuwa na hoteli ya Pwani.

Najua mshaanza kucheka. Ifakara na bahari wapi na wapi. Subirini kwanza.

Naandika kwa kidole kimoja, na shule niliishia darasa la tatu, herufi zikipishana mnisamehe. Sikufukuzwa. Ni kwelea kwelea, wale ndege wala mpunga. Kila mpunga ukianza kutoa maziwa baba ananitoa darasani nikaamie ndege, niwafukuze shambani kule Idete, nikirudi nakuta wenzangu wako mbele. Mwisho nikaona hawa ndege wamenisomea vya kutosha.

Ninayosimulia nilikuwepo. Pale nilipokuwa nadhani tu, nitasema nilidhani.

Haya.

Zamani za mkoloni alikuja Mgiriki mmoja. Hayo sikuyaona, niliambiwa na wazee. Akafika katikati ya masika. Mtu wa bonde la Kilombero ananielewa: masika maji yakitanda, bonde lote linakuwa jeupe, huoni ng'ambo, mtumbwi unapita juu ya njia ambayo kiangazi unapita na baiskeli. Yule bwana akasimama ukingoni kule njia ya Katindiuka, akatazama maji, akapenda. Hakuuliza mtu. Akaanza kujenga hoteli, na mbele yake baraza refu la wageni kukaa na kutazama maji.

Alipomaliza ilikuwa kiangazi.

Wageni wakakaa barazani na bia zao, wakatazama matete na moshi wa watu wanaochoma mashamba.

Hapo ndipo watu wakaipa jina Pwani. Mpaka leo. "Mumeo yuko wapi?" "Kaenda Pwani." Mgeni anadhani Dar es Salaam, kumbe mtu yuko hapo nyuma anaongea umbea.

Ila tumcheke kwa kiasi. Baraza alilijua. Lilikuwa limeinuliwa juu, nikisimama chini sakafu inanifika kifuani, maji ya masika hayakuwahi kulipanda. Nguzo za mviringo za matofali ya kuchoma. Ukingo wa mbele ulikatwa juu kama mawimbi, maana maskini alitaka bahari yake kwa nguvu. Chini ya ukingo kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua, na sakafu imelala kidogo kuelekea huko, huoni kwa macho mpaka umwage maji. Sakafu yenyewe ya saruji nyekundu, imesuguliwa, kama kioo.

Mgiriki akaondoka. Serikali ikaichukua. Ikawa duka la ushirika, ikawa stoo ya mbolea, ikafungwa. Kufika miaka ya tisini mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wake. Nalinda nini? Milango haipo. Mshahara wenyewe tusiuzungumze.

Lakini baraza lilikuwa na kazi. Akina mama walikuwa wanaanikia mpunga.

Ambao hamjawahi kulima niwaeleze. Mpunga ukitoka shambani una unyevu, sharti uanikwe ndipo upelekwe mashineni. Ukianika chini kwenye udongo unapata mchanga, mchele unakutafuna meno. Ukipata sakafu safi, iliyo juu, kuku hawapandi, jua linapiga siku nzima, umepata utajiri. Mavuno yakianza baraza lote linakuwa la dhahabu. Wanaugeuza kwa miguu, wanaburuta nyayo taratibu, wanaacha mistari kama ya jembe.

Na sheria ilikuwa moja. Mpunga wa mtu hukanyagi na viatu. Uwe nani, uwe padre, uwe diwani. Unavua.

Mkubwa wa pale, hakuna aliyemteua, alikuwa mke wangu, Mama Skola. Kila mwaka kabla ya mavuno alikuwa anapiga magoti na bakuli lake la udongo wa kichuguu alioukanda na majivu, anaziba nyufa. Ufa mmoja unameza mpunga wa uji wa mtoto, ndivyo alivyokuwa anasema. Anajaza, halafu anakandamiza kwa kidole gumba. Ukitazama karibu unaona alama za dole lake, moja moja, kutoka nguzo mpaka nguzo.

Sasa mwaka mmoja hapo, akina mama wakiwa kwenye kuziba ziba huko, akashuka mgeni kwenye treni.

Dada wa makamo, mtu wa Dar, jina lake Mwanaidi. Akasema anatoka ofisi ya mambo ya kale. Akaniamkia shikamoo nzuri mno, ya kunyooka, na magoti akakunja. Hapo hapo nikashtuka. Mtu wa ofisini kutoka Dar anakuamkia hivyo wewe mlinzi wa jengo lisilo na milango? Ana shida yake huyo.

"Baba, hapa panaitwaje?"

"Pwani."

Akacheka. "Mimi ndiyo nimetoka pwani."

"Basi umefika nyumbani," nikamwambia, lakini sikucheka naye.

Akatoa futi, akapima nguzo. Akapima ukingo, akachora mawimbi yake kwenye karatasi. Akamwaga maji ya chupa sakafuni, akachuchumaa kuyatazama yanakoelekea. Halafu akatoa kisu kidogo, akaanza kukwangua rangi ya nguzo, anatia unga wake kwenye vifuko vya plastiki, anavifunga. Chini ya rangi nyeupe pakatokea ya bluu. Akafurahi kama kaokota kitu.

Wakuu, niambieni. Mtu akija kwako akakwangua ukuta akaondoka na unga wake, utasema ni mambo ya kale?

Kisha akaandika namba kwa chaki kwenye kila nguzo. Huku kwetu ukiona jengo limeandikwa na mtu wa serikali, anza kutafuta pa kulala.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Alifika kwenye nyufa alizoziba Mama Skola, akainama, akatazama alama za dole kwa muda. Akamwita mke wangu. Wakachuchumaa wote wawili, wakanong'ona, halafu wakacheka. Cheko la kupigana mabega. Yule dada akabandua kipande cha ule udongo mkavu, chenye alama ya dole la mke wangu, akakitia kwenye kifuko.

Nikamuuliza Mama Skola nyumbani, mlikuwa mnacheka nini?

"Mambo ya wanawake, Baba Skola."

"Na dole lako kalipeleka wapi?"

"Kwani limepungua?" Akaninyooshea. Lilikuwepo.

Sikuridhika. Unyayo wa mtu watu wanauchukua wanaupeleka kwa mganga, itakuwa dole? Sisemi alikuwa mchawi. Nasema nilidhani.

Sasa tufike kwenye neno.

Siku ya kuondoka, Mwanaidi alisimama kwenye ngazi akatushukuru, watu walikuwepo wengi kidogo. Akasema kwa furaha kabisa, "Wazee wangu, mna bahati. Nitapeleka taarifa, eneo hili liingizwe kwenye hifadhi."

Akapanda baiskeli ya kukodi, huyoo stesheni.

Hakujua alichokiacha nyuma.

Ninyi mlioko mjini mkisikia hifadhi mnaona kitu kizuri. Kwetu bondeni neno hilo lina bunduki na kofia. Hifadhi ni wanyama. Hifadhi ni askari, ni jiwe la mpaka, ni tangazo linalosema kuanzia mwezi fulani msionekane hapa. Wavuvi wanalijua. Na wafugaji ndio wanalijua kuliko wote.

Palikuwa na jirani yangu, Masanja, Msukuma, alikuja na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa. Alikuwa akikaa upande wa Michenga, lakini mkewe, Mama Kulwa, alikuwa analima mpunga na kuanika kwetu. Masanja kule alikopita kabla ya kufika kwetu aliwahi kuamka asubuhi akaambiwa alipolala ni hifadhi. Ng'ombe wengine aliwaacha njiani. Hilo hakuwa anapenda kulisimulia, ukimtania kuhusu ng'ombe anacheka, ukigusa safari ile ananyamaza.

Alipoletewa habari alikuja na fimbo yake mabegani, mbio.

"Baba Skola, kasema hifadhi? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, ngosha."

"Na namba kaandika?"

"Kila nguzo."

Akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Basi tumekwisha. Wanaanza na kajengo, kisha wanasema kajengo kanahitaji uwanda, kisha uwanda unafika Katindiuka."

Jamani, nilitamani kumbishia nikakosa pa kuanzia. Ile chaki ilikuwa inanitazama.

Mavuno yalipoanza, wanaume tukakutana kwenye kilabu cha pombe. Masanja ndiye aliyeleta hoja, na mimi hoja ile niliiona ina akili, na hata leo siwezi kusema ilikuwa ya kijinga. Alisema hivi: hifadhi lazima iwe na kitu cha kuhifadhi. Tembo wakiisha hakuna hifadhi ya tembo. Basi tuliondoe lile baraza. Tulivunje, matofali tugawane, wakija wakute majani. Watahifadhi nini?

Wote tukasema sawa. Mimi mlinzi nikaona na mimi nitapata matofali ya jiko.

Nikamwambia Mama Skola. Hakusema kitu. Akasonga ugali, akatoka, akaenda kwa Mama Kulwa. Nikajua pana jambo, kwa sababu mke wangu akinyamaza hivyo huwa tayari keshamaliza kuongea na mtu mwingine.

Asubuhi tukafika na mitarimbo na nyundo.

Baraza lilikuwa limeanikwa lote.

Sio kama siku za kawaida, pana njia ya kupita. Lote. Ukingo mpaka ukuta, nguzo zimezungukwa, ngazi zenyewe zimemwagiwa mpunga mpaka ya mwisho. Na akina mama wamekaa kivulini wanasukana nywele.

Masanja akaweka mguu kwenye ngazi.

"Viatu," akasema Mama Skola, hata hakugeuka.

"Shemeji, tuna kazi."

"Sijakataa kazi. Nimesema viatu."

Masanja akavua makubadhi yake ya matairi. Na sisi tukavua. Tukasimama pekupeku, mitarimbo mkononi, tunatazama mpunga. Hebu fikirini wakuu. Utapiga nyundo wapi? Ukipiga, vipande vya saruji vinachanganyika na mpunga wa watu. Huo ni mwaka mzima wa mtu umelala pale.

"Ondoeni basi," nikasema mimi.

"Haujakauka," akasema mke wangu.

Mama Kulwa, mwanamke mpole, simjui kupaza sauti, akasimama akamwambia mumewe, "Baba Kulwa, ukitaka kuvunja anzia hapa. Huu ni wa wanao."

Masanja akamwambia, "Tunawaokoeni. Tutahamishwa!"

Ndipo Mama Skola akageuka. Neno alilosema nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Kama ni kuhamishwa, afadhali tuhame na mpunga mkavu. Nyie mnataka tuhame na mbichi?"

Tukavaa viatu, tukarudi kilabuni.

Kesho yake, haujakauka. Kesho kutwa, haujakauka. Wakawa wanaugeuza kwa miguu wanaimba nyimbo za kwaya. Jua la kiangazi linawaka mpaka mbwa anatafuta kivuli, mpunga ule ule haukauki! Sisi tunapita na mitarimbo, tunauliza, tunarudi. Mtaani watoto wakaanza kutuita wanaume wa haujakauka.

Mjue walikuwa wanalipa kwa hilo. Mpunga ukipitiliza kukauka, mashineni mchele unakatika, unatoka chenga tupu. Walijua. Mwaka ule hata kwenye harusi tulikula chenga, na hakuna aliyethubutu kulalamika mezani.

Mambo yakiwa hivyo hivyo, Mwanaidi akarudi. Peke yake, na kibao cha mbao amekifunga kwenye baiskeli. Maandishi ameyafunika kwa gazeti.

Tukamzunguka. Mimi macho kwenye gazeti.

Akafika kwenye ngazi, akaona mpunga, akavua viatu bila kuambiwa. Nikajiuliza, nani kamfundisha? Nikamtazama mke wangu. Naye akatazama juu.

Masanja akaanza kwa heshima. "Mama, hiyo hifadhi yako mpaka wake unaishia wapi?"

"Hapo kwenye ngazi ya mwisho, mzee wangu."

"Leo. Na mwakani?"

"Hapo hapo."

"Na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wako wanapanda barazani?"

Watu wakaangua kicheko. Masanja hakucheka. "Askari watakuja wangapi?"

"Askari wa nini?"

"Wa hifadhi."

Yule dada akamtazama, akatutazama na mitarimbo yetu, na hapo nikamwona uso unabadilika. Akakaa kwenye ngazi, palepale kwenye mpunga, pole pole. "Wazee wangu," akasema, "kwetu hifadhi ni kutunza nyumba isianguke. Mlidhani nawafukuza?"

Tukaiteremsha mitarimbo chini. Mtu anaona aibu kujibu swali kama hilo.

Mama Skola akauliza, "Na mpunga?"

Mwanaidi angeweza kudanganya. Hakudanganya. Alisema, "Mama, mwanzo niliandika shughuli zote zisimame hapa. Ndiyo kawaida yetu."

"Si mnaona!" Masanja akaruka. Na mimi moyoni nikasema, shikamoo yake ile nilijua tu.

"Ngoja, mzee wangu," akasema. "Kisha nikaingia vyumbani. Sakafu ni hiyo hiyo, ya fundi huyo huyo, kule imepasuka, nyasi zimeota. Huku inang'aa. Nikamuuliza mama hapa kwa nini, akanionyesha miguu yake. Nikaifuta ile sentensi."

Akaondoa gazeti. Kibao kilikuwa kimeandikwa JENGO LA HIFADHI kwa rangi nyeupe.

Kelele zikaanza upya.

"Hilo neno hapana," akasema Masanja. "Weka lolote lisilo na askari."

Wakabishana pale, mmoja anasema andika linalindwa, mwingine akasema kulinda ni kwa Baba Skola na hamna alichowahi kulinda, wakanicheka. Mwisho Mama Kulwa akasema, mtoto hatumhifadhi, tunamtunza. Mwanaidi akaomba rangi kwa fundi wa jirani, akapaka juu, akaandika upya:

BARAZA HILI LINATUNZWA. VUA VIATU.

Tukarudisha mitarimbo nyumbani. Siku ile ile jioni mpunga ukatangazwa umekauka.

Sasa wakuu, msidhani nilimwamini moja kwa moja. Miaka kadhaa kila nikisikia gari natoka kuangalia. Paa la hoteli lilikuja kuchukuliwa na upepo, vyumba vikalala chini, na wa ofisini hakurudi mtu. Kibao mchwa walikila, tukatengeneza kingine. Baraza lipo. Mpunga unaanikwa. Na anayepiga watu kelele wavue viatu, kuliko hata mapadre wanavyohubiri, ni Masanja.

Mama Skola alifariki, ni muda sasa. Kuziba nyufa nikarithi mimi. Naziba vibaya. Masanja akipita ananiuliza, "Baba Skola, hapo unaziba au unafungua?"

Cheko lao lile alikuja kuniambia akiwa mgonjwa. Yule dada alimuuliza hizi alama za dole za nani, akamjibu zangu. Dada akaonyesha moja kubwa imepinda pembeni ya nguzo, na hii? Akamwambia hiyo ya mume wangu, nilimwachia ufa mmoja tu, ona alivyofanya. Ndicho walichocheka. Mimi nimekaa miaka yote nashuku uchawi.

Funzo langu ni dogo. Ukifika kwa watu na neno zuri, waulize kwanza kwao neno hilo liliwahi kuwafanya nini. Na nyie mnaoletewa neno, shukuni, ni haki yenu, ila msiruhusu nyundo itangulie swali.

Nyufa zile za mwanzo zimeshazibwa mara nyingi juu yake, alama za mke wangu sizioni tena. Yangu ile iliyopinda ipo.

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Kama humu kuna mtu anafanya kazi kwenye ofisi za mambo ya kale, kwenye kabati au droo huko kuna kifuko kidogo cha plastiki, ndani kina kipande cha udongo wa kichuguu chenye alama ya dole gumba. Mtu asiyejua ataona uchafu.

Asikitupe. Aniandikie hapa chini tu kwamba kipo.

Na wengine karibuni, kwenu neno gani zuri liliwahi kuwatia hofu? Nasoma zote, ila kujibu mnivumilie, kidole ni kimoja.